Boxer Imepaa Handeni! Nimeishika Jeki ya Pikipiki na Sitaki Kuiachia

Ndugu yangu, weka chai chini kwanza unisikilize, maana haya nisipoyasema leo nitapasuka! Nimerudi kutoka Handeni, vumbi jekundu bado liko kwenye kola ya shati, mkono wa kulia una grisi mpaka kiwikoni, na kichwani mwangu kinazunguka kitu kimoja tu: jeki. Jeki ya pikipiki! Si ile jeki ya gari inayolala chini ya kiti cha dereva ikila kutu na maganda ya karanga, la hasha. Jeki yenyewe hasa, iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, nyekundu, pana, fupi, nzito, imechuchumaa sakafuni kwa kiburi, ina mikono miwili mirefu iliyovishwa mpira mweusi, ina pedali ya kukanyaga, ina vigurudumu vyenye breki zake, ina matundu ya kupitishia kamba, na bado!

Mwenye mali ni shemeji yangu wa Chanika, pale Handeni mjini. Aliiagiza Kariakoo, ikaja kwenye buti la basi imeviringishwa gunia, na iliposhushwa stendi watu wakaanza kubashiri. Mmoja akasema ni mashine ya kukamulia alizeti. Mwingine akasema wapi, hiyo ni ya kufyatulia matofali. Shemeji katulia tu, kaipakia kwenye mkokoteni, kimya, mtu mwenye siri yake. Jioni akanipigia: "Shemeji, njoo. Usiulize kitu, we njoo tu." Nikaenda mbio!

Sasa wewe unajua na mimi najua, sisi wenye pikipiki tunavyohangaika majumbani. Unataka kutoa tairi la nyuma? Tafuta tofali. Tofali fupi? Ongeza jiwe. Jiwe linateleza? Leta kreti la soda. Mmoja anashika usukani, wa pili ananyanyua mkia mishipa ya shingo imemtoka, wa tatu anasukuma kreti kwa mguu, na wa nne, ambaye hakuitwa na mtu, anatoa ushauri. Halafu unaingiza mkono humo chini! Mkono wako mwenyewe, unaokulisha! Ile stendi kubwa ya miguu miwili inasaidia, sikatai, kwa kazi ndogo ndogo inatosha kabisa. Lakini ikiwa springi yake imelegea, au mguu mmoja umepinda, au unachotaka kugusa ni hiyo stendi yenyewe, au shida iko tairi la mbele, hapo unarudi kwenye tofali. Ndiyo maana nilipoiona ile jeki nilitamani niikumbatie.

Banda la shemeji liko ubavuni mwa nyumba. Bati juu, kuta za tofali za kuchoma, mlango wa mbao usiofungika vizuri, na sakafu ya saruji. Hiyo sakafu, nakwambia, ndiyo nusu ya raha yote! Ngumu, kavu, imelala sawa. Shemeji hakuanza kwa mbwembwe. Alichukua kikombe cha maji, akamimina kidogo katikati ya banda, akachuchumaa kuangalia yanakimbilia wapi. Hayakukimbia. Yakatanuka pale pale, taratibu, yakafanya duara. "Hapa panatufaa," akasema, akayafuta kwa tambara mpaka pakakauka, akafagia na mchanga wote, maana sakafu iliyolala sawa lakini ina mchanga bado ni sakafu ya kuteleza. Mimi huku nyuma nahema kwa hamu. Fagia upesi, bwana!

Kabla jeki haijaguswa, akafanya jambo lililonishangaza mno. Akashika spana, akailegeza ile nati kubwa ya ekseli ya nyuma, pikipiki ikiwa bado chini, matairi yote mawili yamekanyaga sakafu. Hakuitoa, aliilegeza tu. Nikamuuliza haraka ya nini. Akanijibu bila kugeuka: "Shemeji, nati iliyokaza inataka nguvu. Nguvu hiyo uitumie chombo kikiwa ardhini, si kikiwa hewani." Weee! Fikiria mwenyewe, umeshainyanyua pikipiki, halafu unaning'inia kwenye spana kwa uzito wako wote kuvuta nati iliyoshikwa na kutu ya masika mbili! Unaiangusha mwenyewe kwa mikono yako. Kitu kidogo, cha bure, hakina gharama, na nimekipenda kupita maelezo.

Halafu ule mpira! Usicheke. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, kile kile tunachofungia mizigo kwenye keria, shemeji alikizungusha kwenye mkono wa breki ya mbele akaubana ukagusana na mshiko, akafunga. Tairi la mbele likagoma kusogea hata ukilisukuma. Gia kaiweka namba moja, na tairi la nyuma nalo likatulia. Ufunguo akauchomoa akautia mfukoni mwake, koki ya mafuta akaifunga, ekzosi akaigusa haraka kwa mgongo wa kidole kuhakikisha imepoa. Yote hayo kwa utulivu wa mtu anayevua viatu kabla ya kuingia msikitini, na mimi nimesimama pembeni naruka ruka.

Ikaanza. Ile Boxer yake ya kazi, iliyobeba mahindi, mabati, wagonjwa na maharusi, imeegemea stendi ya pembeni, kushoto. Jeki ikaingia kutokea kulia, vigurudumu vinanguruma kidogo tu kwenye saruji, ikatulia chini ya tumbo. Mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili, nimeisimamisha wima. Shemeji akakanyaga pedali. Kha! Laini! Nilitegemea kuona mtu anakamia, anatokwa jasho, anatukana, wapi! Mguu unashuka polepole, unazama kwenye kitu kizito chenye utii, halafu pedali inarudi juu yenyewe kudai zaidi. Akakanyaga tena. Jeki ikagusa tumbo. Akakanyaga tena, na hapo nikaisikia kwenye viganja kabla sijaiona kwa macho: usukani umekuwa mwepesi! Uzito umehama! Shokapu za mbele zikajinyoosha kwa mguno mrefu, za nyuma zikafuata, na Boxer nzima ikapanda taratiiibu, bila kishindo, bila kuyumba, tamu, nzito, nyepesi, sijui hata nisemeje, na bado!

Maana matairi yalipoachana na sakafu kwa unene wa vidole viwili tu, shemeji akasimama. "Tuitikise kwanza." Akaweka kiganja kwenye siti akasukuma kidogo kushoto, kidogo kulia, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ndipo nikaelewa ujanja wake. Ikiwa imekaa vibaya, itakuonyesha pale pale, kimo cha vidole viwili, ambapo hata ikiteleza inatua kwenye matairi yake. Ukiipandisha mpaka kiunoni ndipo uanze kujiuliza imekaa vipi, umeshachelewa! Ya kwetu iliinama kidogo mbele. Akashusha, akaisogeza jeki kuelekea mbele kwa upana wa kiganja, akapandisha tena. Akatikisa. Tuli! Imenyooka! Nilipiga makofi peke yangu, kuku wakakimbia.

Tena usidhani ni mazingaombwe. Ndani ya ile jeki kuna mafuta yaliyofungiwa, basi. Mfaransa Blaise Pascal aligundua katika karne ya 17 kwamba ukikikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo unasambaa kila upande bila kupungua. Mwingereza Joseph Bramah akaligeuza wazo hilo kuwa mashine ya kukandamizia na kuipatia hataza mwaka 1795, kisha mwaka 1851 Richard Dudgeon kule New York akapata hataza ya jeki ya mafuta ya kubebeka. Mguu wako unasukuma bomba jembamba mwendo mrefu, na kule upande wa pili bomba nene linapanda kidogo kidogo lakini kwa nguvu za kutisha. Watu wa karne zilizopita wanahangaika Ulaya na Marekani ili shemeji yangu wa Chanika asivunjike mgongo! Nani angedhani?

Lakini sasa sikiliza, hapa ndipo moyo wangu ulipoibwa. Yale mafuta yanazuiwa na vipete vidogo vya mpira, na mpira huchakaa. Ukichakaa mafuta yanavuja taratibu, na mzigo unashuka taratibu, au kwa ghafla. Kwa hiyo jeki ya maana ina kitu cha ziada: komeo la chuma. Shemeji alipofikisha pikipiki kimo alichotaka, aliusukuma mtaimbo mfupi uliokuwa umelala ubavuni, ukaangukia kwenye meno ya fremu, na ukasema KLAK! Lo! Hiyo sauti! Kavu, fupi, nene, imeshiba! Akaishusha jeki kidogo mpaka uzito wote ukaachana na mafuta ukaketi juu ya chuma. Kuanzia hapo hata mafuta yote yamwagike sakafuni, Boxer haitikisiki. Nilimwomba aitoe airudishe ili niisikie tena. Akanikatalia, kwa haki kabisa. Ila mimi sina siri na wewe: mapambo yote ya jeki hii, rangi, vigurudumu, pedali, naweza kuishi bila hayo. Bila lile komeo siichukui hata ukinipa bure. Ukienda dukani, usikague rangi. Kagua komeo. Lipandishe, lifunge, lisikilize.

Na bado hatujaweka mkono kazini!

Ile mikono miwili ya jeki inashika wapi? Hapa, ndugu yangu, lala chini kwanza uangalie tumbo la pikipiki yako mwenyewe, kwa tochi, kabla ya kununua chochote. Pikipiki kubwa nyingi zina mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini, unaweka jeki hapo na maisha yanaendelea. Zetu nyingi za biashara tumbo ni injini yenyewe! Kuna nati ya kumwagia oili, kuna bomba la ekzosi linapita upande, kuna maganda ya aluminiamu yasiyopenda kubebeshwa uzito kwenye ncha moja. Shemeji alikuwa amekata kipande cha mbao ngumu, bapa, pana, akakilaza juu ya mikono ya jeki, akakichonga mfereji pale ambapo nati ya oili inakaa isiguswe. Mzigo ukagawanyika juu ya ubao mzima. Niliupapasa ule ubao kwa kidole, mfereji umepigwa msasa mpaka laini! Nani anapiga msasa ubao wa kukaa chini ya injini? Shemeji yangu, basi!

Kazi yenyewe sasa. Gia ikarudishwa frii, mpira wa breki ukafunguliwa, na nikalizungusha tairi la mbele kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, likazunguka, likakataa kusimama! Nikaweka sikio karibu. Kumbe lina msuguano mwembamba wa mchanga, krrr, krrr, beringi inalalamika siku zote hizo na hakuna aliyeisikia kwa sababu barabarani upepo unaimeza. Nikalishika tairi juu na chini nikalitingisha: kuna mchezo kidogo. Nikaenda nyuma, nikalizungusha la nyuma, na cheni yote ikapita mbele ya macho yangu pingili moja moja, nyeusi, yenye tope la Kang'ata lililokauka na kuwa jiwe kwenye spoketi. Yaani unakaa kwenye kigoda! Umekaa! Mgongo umenyooka, cheni iko usawa wa kifua, mswaki mkononi, mafuta ya taa kwenye kopo pembeni, na unaisugua kwa starehe zako mpaka rangi ya chuma irudi. Injini imezimwa, narudia, imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa shemeji, tairi tunalizungusha kwa mkono. Kuna watu wanaosafisha cheni injini ikiunguruma ili izunguke yenyewe, na spoketi haijui kutofautisha kati ya tambara na kidole.

Kidogo kuhusu kuku. Cheka, lakini kuku wa shemeji wanalala kwenye lile banda, na mmoja alikuja kudonoa chini ya injini wakati imeinuliwa. Dada yangu akamfukuza kwa fagio, akatoa na mtoto aliyekuwa anamfuata kuku, akasema mlango ufungwe. Ukafungwa, kwa jiwe, maana haufungiki vizuri. Jiko la mkaa lililokuwa nje ya mlango nalo likahamishwa upande wa pili wa nyumba, kwa sababu mafuta ya taa na harufu ya petroli havitaki jirani wa aina hiyo. Dada hakuwa na mpango wa kuisifia jeki, lakini nilimwona anaikanyaga pedali kwa kuibia tulipokuwa tunakunywa maji. Alitabasamu!

Basi tukasema lazima mjomba aione. Mjomba yuko Korogwe, Manundu, na kutoka Handeni ni lami safi, kama kilomita 65, unapita Misima, unapita Sindeni, na milima ya Usambara inainuka mbele yako ya buluu mpaka unasahau ulikuwa unaongea nini. Jeki tumeilaza nyuma ya gari aina ya Noah, tumeizungushia gunia lake, na kila tukigonga tuta inalia "kling!" na sisi tunacheka. Watu wazima!

"Shikamoo mjomba!" "Marahaba wanangu, mmeniletea nini?" Akaizunguka ile jeki mikono imefungwa mgongoni. Mjomba amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, ameona trekta, ameona korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, hashtuki kirahisi. Akauliza jambo moja tu: "Inafunga?" Nikaipandisha tupu, nikaliachia komeo. KLAK! Akatikisa kichwa mara moja. Hiyo kwa mjomba ni sherehe.

Tukataka kuanza pale barazani. Akatukataza hata hatujaisogeza. Baraza lake, unajua mabaraza ya Korogwe, limejengwa na mteremko ili maji ya mvua na ya kudekia yakimbilie uani. Macho hayauoni, ila kigurudumu cha jeki kinaujua. Kikaanza kutambaa chenyewe kuelekea nje, polepole, bila aibu! Uani nako ni udongo. Mguu wa jeki ungezama upande mmoja mara tu ukiupa mzigo. Ukiwa na udongo mtupu, laza kwanza ubao mpana na mnene, na kama bado unacheza, achana napo. Tukaingia stoo, tukatoa magunia ya mahindi, tukakuta sakafu imelala sawa. Joto! Mweee, joto la Korogwe ndani ya stoo ya bati, jasho linaingia machoni, na hakuna aliyetaka kutoka.

Pikipiki ya mjomba ilikuwa itolewe tairi lote la nyuma. Sasa hapa sikiliza kwa makini, maana kuna mtego mtamu. Jeki umeiweka katikati, pikipiki imesawazika, unafurahi. Kisha unatoa tairi la nyuma, na nyuma inakuwa nyepesi! Uzito unakimbilia mbele, pua inataka kuinama. Ukitoa la mbele inakuwa kinyume chake, mkia ndio unakaa chini. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote unafunga. Jeki ya shemeji ilikuja na mikanda yake ya kukazia, lakini mjomba akaiangalia ile mikanda, akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani. Ya katani! Nene, ya dhahabu, inakwaruza kiganja, inanuka jua. "Hii haivutiki," akasema, na ni kweli, katani hainyooki ovyo kama nailoni. Akapitisha kwenye usukani kushoto na kulia mpaka kwenye matundu ya jeki, akapitisha nyingine nyuma kwenye keria, akakaza, akaipiga kidole ikatoa mlio wa zeze. Na mbele chini ya tairi akasukuma vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande.

Na mimi nikafikiria, hebu ona mambo ya dunia: mkonge wenyewe uliletwa huku kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida kupitia Hamburg, na katika miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Sitini na miwili! Na leo kitukuu cha mmoja wa ile miche kinashikilia usukani wa pikipiki ndani ya stoo Manundu, juu ya jeki iliyotoka Kariakoo. Nilitaka kumwambia mjomba, lakini alikuwa ameshaanza kuchomoa ekseli.

Tairi likatoka. Mikononi mwangu! Halikuvutwa, halikugombezwa, halikupigwa nyundo. Ekseli iliteleza, nikalipokea, likashuka mapajani. Pikipiki? Haikutingishika hata nywele. Imesimama hewani na tairi moja, imefungwa katani, imeketi kwenye komeo, tulivu, ya ajabu, ya kupendeza, na mjomba anachungulia breki shuu zilizoliwa mpaka chuma huku anaimba kwa pua. Hata hivyo hakuna aliyeingiza kichwa wala miguu chini yake. Tulifanya kazi tumekaa ubavuni, mikono tu ndiyo iliyoingia. Ukiangusha nati ikabingirikia chini ya injini, iache. Utaichokoa kwa waya au utaiokota ukimaliza.

Kuna nisichokipenda? Kipo, maana nisipokisema utaniona nimelogwa. Nzito balaa, usiibebe peke yako kuishusha kwenye gari. Mpira wake mpya unanuka vibaya siku za mwanzo, na harufu inahamia mikononi mpaka kwenye ugali. Mikono ya jeki iko juu kidogo kwa pikipiki yenye tumbo la chini sana, kwa hiyo nenda na kipimo cha tumbo la yako kabla ya kulipa. Na zile ndogo za mkasi, za kuzungusha kwa spana, zenye kibapa cha juu chembamba? Nimezishika pia. Zinafaa kuinua upande mmoja kidogo huku pikipiki imefungwa vizuri au iko kwenye stendi yake kubwa, lakini kuiacha pikipiki nzima peke yake juu ya kile kibapa, aisee, mimi roho haikai. Nipe pana. Nipe yenye komeo.

Bei? Usiniulize bei sasa hivi, nina furaha. Ila nikwambie wazo la shemeji: si lazima kila mtu awe nayo. Wenzake wa kijiweni wanaongea kuchanga, jeki ikae kwa mmoja mwenye sakafu nzuri, na anayeitumia akae na mwenzake wa kushika usukani. Haitaki umeme, Tanesco wakate wasikate. Inataka mafuta yake yaangaliwe, vumbi lifutwe kwenye lile bomba linalong'aa, na komeo lipigwe grisi kidogo.

Kushusha sasa! Nilidhani raha imekwisha, kumbe! Tairi limerudi, nati imeingizwa na kukazwa kiasi, vifaa vyote vimetolewa chini, kamba zimelegezwa lakini hazijafunguliwa. Mjomba kashika usukani. Na stendi ya pembeni inateremshwa KABLA pikipiki haijashuka, si baada, maana ikigusa sakafu bila mguu wake itaegemea nini, wewe? Nikaikanyaga pedali kidogo kuinua uzito kutoka kwenye komeo, shemeji akalikunja komeo, na nikaigusa pedali ya pili, ile ya kushushia, kwa ncha ya kiatu tu. Ncha! Ukiikanyaga yote inaporomoka. Ukiigusa kwa adabu, inapumua: fssss. Pikipiki inashuka ikipumua, kidogo, kidogo zaidi, mpaka matairi yanaibusu sakafu na shokapu zinaketi. Niliomba turudie. Safari hii walinikubalia!

Nati kubwa ikakazwa mara ya mwisho, kwa nguvu zote, ikiwa chini. Breki ikajaribiwa hatua chache uani kabla ya kutoka barabarani. Mjomba akawasha, akazunguka mpaka kwenye mwembe, akarudi, akasema "Hmm." Halafu akamuuliza shemeji, kwa sauti ya chini, kama jeki inaweza kubaki Korogwe mpaka wiki ijayo.

Shemeji amekataa. Imerudi Handeni, na Jumamosi tunafungua pikipiki yangu, tairi la mbele lote, beringi zote mbili, na fimbo za shokapu tukipata nafasi. Njoo! Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndala. Njoo na ya kwako pia, njoo mapema jua halijakaza, na tafadhali, ile pedali ya kushushia nimeshaiwekea nafasi mimi!